Kabla Hujapanda Ngazi

Wopata, nimesikia Alhamisi ni zamu yako.
Basi sikiliza, maana mimi nilikwenda bila kuambiwa.

Oga. Vaa chupi isiyo na tundu.
Utaachwa nayo hiyo tu, na soksi ukipenda,
na dirisha linatazamana na Wanale:
maporomoko yatakuona ulivyo.

Ni juu ya duka la mbegu, Barabara ya Naboa,
ngazi kumi na tisa. Nilizihesabu
kwa sababu kila moja ilinidai.
Atakuwa mlangoni, anakutazama unavyopanda.
Usidhani anakukaribisha. Ameshaanza kazi.

Jina lake Khainza. Mdogo,
kiganja chake hakijazi sikio la gunia.
Nikajisemea: huyu ndiye wa kuninyoosha mimi,
niliyebeba kahawa ya mlima huu miaka ishirini na miwili,
kilo sitini sitini, kutoka mizani hadi lori?

Hakugusi kwanza. Anauliza.
Unalalia ubavu gani. Godoro lina umri gani.
Choo unapata? Usicheke, jibu.
Uliwahi kuanguka? Nikasema sijawahi.
Akanyamaza na kalamu yake, akangoja,
mpaka nikakumbuka mfenesi wa mjomba, na tawi,
na jinsi ardhi ilivyokuja juu upesi
nikiwa na miaka tisa.
Akaandika.

Kisha simama. Inama. Geuka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.
Nilimwonyesha panapouma, kiunoni, kushoto,
naye akashika kidole gumba cha mguu wa kulia.
Nikarudia kwa sauti. Nikarudia kwa Kigisu,
labda Kiswahili changu kina kasoro.
“Nimekusikia,” akasema. “Kiuno ndicho kinacholia.
Mimi natafuta kinachokiliza.”

Halafu meza. Na hapo, ndugu yangu, ndipo patakapokushinda.
Alipitisha viganja chini ya mgongo wangu, akasema: legea.
Nikasema nimelegea.
Akasema bado.
Nikasema, na sasa?
Akasema: bado umebeba gunia.

Sisi nani alitufundisha kulegea?
Mwaka wangu wa imbalu nilisimama uani kwa baba,
unga wa mtama umenikaukia usoni,
macho juu, kope hazikupepesa
hadi filimbi ilipolia na shangazi zangu wakapiga vigelegele.
Tangu siku ile neno ni moja.
Msibani, jikaze. Bei imeanguka, jikaze.
Gunia la themanini limeandikwa sitini: jikaze,
wewe si mwanamume?
Na binti huyu wa mlima huohuo
ananitaka nifanye kile ambacho baba angekiita aibu,
tena anakitaka taratibu,
kama mtu anayesubiri maji ya chai yachemke.

Sijui ilikuwa lini.
Nilikuwa nasikiliza maharagwe yakimiminwa dukani chini,
kopo baada ya kopo,
mtu akibishana kuhusu kopo la mwisho,
nikasahau kujishika.
Ko!
Kama gunzi kavu linalovunjwa magotini.
Usiruke. Hakuna kilichovunjika.
Macho yangu yalilowa kidogo, na hilo
ukilitaja ghalani nitakukana.

Kesho yake utaumwa kama uliyepigwa na ukoo mzima.
Alinionya, nikadhani ni utani.
Kunywa maji. Tembea. Usibebe siku tatu, anasema,
na hapo nilimcheka usoni, kwa adabu:
siku tatu, watoto wale nini, ushauri?
Hakucheka. Alisema anajua.
Nilibeba siku ya pili, sikufichi,
na maumivu yakarudi, ingawa si yote;
yalirudi kama mgeni anayebisha hodi kwanza.
Usiku nageuka kitandani bila kumwamsha Nandudu.
Nitakwenda tena kahawa ikilipwa.

Ni elfu arobaini.
Chukua noti ndogondogo.
Mifupa anaijua, lakini chenji hana kamwe.